Bloku za kuburuta au msimbo wa maandishi katika kufundisha roboti: tunapata nini, tunapoteza nini?

MleziWaKlabu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mchango wenu katika jambo ambalo limetugawa sisi tunaolea klabu ya roboti ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 16. Tunatumia zana ya bloku, yaani ile ambayo mwanafunzi huburuta vipande vya rangi kwenye skrini na kuvipachika kimoja chini ya kingine hadi vikawa mfuatano wa amri. Wadogo wameipokea vizuri mno: katika kipindi cha kwanza tu roboti inatembea, inakata kona na kurudi ilikotoka, na hakuna aliyekwama kwa sababu ya mabano au nukta iliyosahaulika. Malalamiko yanatoka kwa wakubwa. Programu yao ya kufuata mstari mweusi sakafuni imerefuka hadi haionekani yote kwa mara moja, na wawili wakiifanyia kazi katika kompyuta mbili tofauti hawana namna ya kuunganisha mabadiliko yao isipokuwa kuketi pamoja na kuyapachika upya kwa mkono.

Mlezi mwenzangu anashikilia kwamba tuziache bloku kabisa na wote waanze na Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maandishi, kwa kuwa, kwa maoni yake, bloku zinamzoesha mtoto kupanga picha badala ya kufikiri. Sikubaliani naye, lakini pia siwezi kumjibu kikamilifu, kwa sababu ipo tabia moja ya roboti inayonitia shaka. Wanafunzi wameweka kitanzi, yaani amri zinazojirudia, chenye amri mbili: nenda mbele sentimita 30, kisha, kama kihisi cha umbali kinaona kitu kilicho karibu kuliko sentimita 10, simama. Ukiisoma programu hiyo kwenye skrini huoni kasoro yoyote, ila roboti hugonga boksi mara nyingi kuliko inavyosimama. Je, hilo ni kosa la zana yenyewe, la roboti, au la namna tunavyofundisha? Na kwa ninyi mliokwisha kupita njia hii, zana iliyorahisishwa huanza lini kumrudisha mwanafunzi nyuma?

MhandisiVidhibiti

Mwalimu, nianze na boksi linalogongwa, maana humo mna sehemu kubwa ya jibu la maswali yako mengine.

Amri ya kwenda sentimita 30 ni amri inayosubiri. Ikishaanza, programu haisogei kwenye amri inayofuata hadi magurudumu yakamilishe umbali huo. Roboti ikiwa na mwendo wa sentimita 20 kwa sekunde, kuna sekunde moja na nusu ambamo kihisi kinapima lakini programu haikiulizi chochote. Boksi likiwa sentimita 15 mbele litagongwa, hata kama kihisi ni kizima kabisa. Tiba yake ni kutumia amri ya kuanza kwenda, ile isiyotaja umbali, ikifuatiwa na bloku ya kusubiri hadi kihisi kisome chini ya sentimita 10, kisha kusimamisha mota. Tatizo ni kwamba kwenye skrini bloku inayosubiri na isiyosubiri zina rangi ileile na umbo lilelile, na mara nyingi tofauti yake ni neno moja tu. Hapo ndipo ninapoilaumu zana. Waliozibuni bloku hizi walifikiri kwa makini sana kuhusu maumbo: bloku ya namba ina ncha za mviringo, ya sharti ina pembe sita, na namba haiingii katika tundu la sharti, hivyo kundi zima la makosa limezuiwa kabla mwanafunzi hajalifanya. Muda, ambao ndio roho ya roboti, haukupewa umbo lolote.

Hata hivyo, kuhamia Python peke yake hakungeliondoa kosa hilo. Katika Pybricks, yaani Python ya kuendeshea roboti za LEGO, kwa mfano, amri ya kwenda milimita 300 mbele nayo husubiri hadi mwendo ukamilike, isipokuwa umeiambia waziwazi isisubiri. Mwanafunzi ambaye hajaelewa kusubiri atagonga boksi lilelile kwa lugha nyingine.

Ndugu wa kosa hilo, na mgumu zaidi kumgundua, ni mfuatano wa amri unaokwenda sambamba na mwingine. Zana nyingi za bloku humruhusu mwanafunzi kuweka mifuatano miwili yenye kichwa cha «programu inapoanza», na yote miwili ikaenda kwa pamoja. Mtoto anaona ni jambo la kawaida: huu ufuate mstari, ule usimamishe mota kukiwa na kizuizi. Kinachotokea ni kwamba mfuatano wa pili unasimamisha mota, na sehemu ndogo ya sekunde baadaye ule wa kwanza, ambao haujui lolote kuhusu kizuizi, unaziwasha tena. Roboti inashtuka, inasita, kisha inaendelea kulisukuma boksi. Walezi wengi hukimbilia kubadilisha betri au kihisi, ilhali mota zina mabwana wawili. Kanuni ninayoifundisha ni kwamba kila mota iamriwe na mahali pamoja tu katika programu: kitanzi kimoja kinachosoma vihisi vyote, kuamua, kisha kutoa amri, na kurudia. Kanuni hiyo inatekelezeka kwa bloku vizuri tu, ila zana haikusukumi kuielekea. Inakuvuta upande wa pili kwa sababu kuongeza kichwa kingine ni rahisi mno.

Kuhusu kile kinachofichwa, mwenzako ana hoja, lakini ameiweka mahali pasipo pake. Chukua roboti ya EV3 ya LEGO yenye magurudumu ya kipenyo cha milimita 56. Mzingo wake ni takriban sentimita 17.6, kwa hiyo sentimita 30 ni kama digrii 614 za mzunguko wa gurudumu. Kipimo cha mzunguko kilichomo ndani ya mota husoma digrii moja moja, na digrii moja ni kama nusu milimita sakafuni. Bloku moja ya «nenda mbele» inakuficha hesabu hiyo yote, pamoja na kuongeza mwendo taratibu mwanzoni, kuupunguza mwishoni, na kusawazisha mota mbili zisipishane. Mtoto wa miaka 11 kufichwa hayo ni neema. Siku mtakapoweka magurudumu ya milimita 62 na roboti ikaanza kwenda sentimita 33 kila inapoambiwa 30, wakubwa wenu wanapaswa kuwa na uwezo wa kufunua kifuniko na kuona kwa nini. Kwa hiyo, nikitazama zana yoyote, nauliza imeficha nini na kama inaruhusu kufunuliwa. Iwe ni ya picha au ya maandishi, hilo huja baadaye.

Historia yenyewe inaunga mkono mtazamo huu. Logo, iliyobuniwa mwaka 1967 na Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, ilikuwa lugha ya maandishi matupu, na bado watoto waliitumia kumwongoza «kobe», roboti ndogo ya sakafuni na baadaye alama kwenye skrini. Urahisi wake ulitokana na uteuzi wa amri chache zinazolingana na mwili wa mtoto mwenyewe: nenda mbele, geuka kulia. Scratch, zana ya bloku kwa watoto, ilipotolewa mwaka 2007, na Blockly ya Google, maktaba ya kujengea zana za bloku, ikafuata mwaka 2012, kilichoongezwa ni umbo linalozuia makosa ya uandishi. Ni mambo mawili tofauti, na mjadala wenu unayachanganya.

FundiViwandani

Naunga mkono aliyetangulia, na naomba niongeze jambo kutoka upande wa mitambo ya viwandani, kwa sababu nimesikia mara nyingi mno kwamba programu za picha ni za watoto.

Vidhibiti vinavyoendesha mikanda, mashine za kujaza chupa na mikono ya roboti vimekuwa vikiprogramiwa kwa mchoro wa ngazi kwa miongo mingi, na kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, kinautambua mchoro huo rasmi pamoja na mchoro wa bloku za kazi, huku kikiweka pia lugha za maandishi. Mchoro wa ngazi ulitokana na michoro ya saketi za relei (swichi zinazoendeshwa na umeme), ili fundi umeme aliyezoea michoro hiyo aweze kuusoma bila kujifunza upya. Faida yake kubwa huonekana mashine inaposimama. Unaunganisha kompyuta, na kwenye skrini kila njia inayopitisha ishara inabadilika rangi. Unafuata rangi kwa jicho hadi pale inapokatika, na hapo unakuta, tuseme, swichi ya mlango wa usalama haijafunga. Kwa msimbo wa maandishi ungehitaji kuandika amri za kuchapisha hali ya kila kigeu (nafasi yenye jina inayotunza thamani) na kuzisoma mstari kwa mstari huku uzalishaji umesimama.

Ila nikitakiwa kupanga orodha ya vipimo 200, kutafuta wastani wake na kuutuma kwa kompyuta nyingine, siugusi mchoro wa ngazi; nahamia maandishi, kwa kuwa kitanzi ndani ya ngazi ni kero kukisoma na hatari kukirekebisha. Mikono ya roboti ya Universal Robots imejengwa kwa busara hiyohiyo: mwendeshaji hugusa skrini na kupanga hatua katika mti wa programu, na chini yake ipo lugha ya maandishi, URScript, ambayo mhandisi anaweza kuichomeka katikati ya mti huo pale hatua za kawaida zisipotosha. Hata katika ROS 2, jukwaa la programu za roboti, mfumo wa Nav2 wa kuongoza roboti zinazotembea huamua hatua za juu kwa mti wa tabia unaoweza kuchorwa na kutazamwa kama picha, wakati kila tawi lenyewe limeandikwa kwa C++.

Ukiyatazama hayo kwa pamoja, utaona picha imekaa mahali panapohitaji kuonwa kwa jumla: hali gani inafuata hali gani, kipi kinangoja kipi. Maandishi yamekaa mahali penye hesabu, orodha na maelezo mengi. Wanafunzi wenu wakubwa wamelifikia lile eneo la pili, na ndiyo maana skrini imewashinda. Chukua mfano wa kufuata mstari kwa kidhibiti cha uwiano chenye sehemu ya mabadiliko. Kwa maandishi ni mstari mmoja, ambapo «kosa» ni kiasi ambacho roboti imepotoka kutoka mstarini, na kp na kd ni namba za kurekebisha ukali wa kona:

kona = kp * kosa + kd * (kosa - kosa_la_awali)

Kwa bloku, mstari huo unadai bloku 4 za hesabu zilizopandanishwa moja ndani ya nyingine, zikiwa zimebeba vigeu katika nafasi 5, na zote ndani ya bloku ya kuweka thamani. Ukivuta ya kati kwa bahati mbaya, nusu ya fomula inatoka nayo. Hakuna anayeweza kusema kwamba hapo picha imemrahisishia mtu kitu.

MleziWaKlabu

Nawashukuru sana wote wawili. Tumeijaribu tiba ya boksi kama ilivyoelezwa na roboti sasa inasimama. La muhimu zaidi, mwanafunzi mmoja aliweza kuwaeleza wenzake kwa nini ile ya awali ilikuwa inagonga. Nimeichunguza pia programu ya kufuata mstari na kukuta vichwa vitatu vinavyoamuru mota zilezile.

Nabaki na mambo mawili. Kwanza, hili la wanafunzi wawili kushindwa kuunganisha kazi zao, je, lina ufumbuzi ndani ya bloku? Pili, mnaonaje zana zile zinazoonyesha bloku upande mmoja na msimbo upande mwingine? Nazitazama kama daraja, ila nahofia isije ikawa mwanafunzi anakaa darajani miaka yote bila kuvuka.

MwalimuWaKompyuta

Mwalimu mwenzangu, swali lako la kwanza lina jibu lisilofurahisha. Faili la Scratch ni furushi lililobanwa, na ndani yake programu imehifadhiwa katika muundo wa maandishi uitwao JSON pamoja na picha na sauti. Mfumo wa kutunza matoleo kama Git utalihifadhi faili hilo bila shida, lakini hautakuonyesha kwa lugha inayosomeka ni bloku gani imebadilika, wala hautaunganisha kazi za watu wawili. Hata ukilifungua furushi na kulinganisha JSON yenyewe, utakuta jambo la kuchosha: mwanafunzi akisogeza rundo la bloku kidogo pembeni ili apate nafasi, namba za mahali lilipo kwenye skrini zinabadilika, na faili linahesabika kuwa limebadilika ingawa roboti itafanya yaleyale. Kwa kazi ya pamoja ndani ya bloku, dawa pekee ninayoijua ni kugawa kazi kwa bloku za kujitungia, kila mwanafunzi akawa na yake, na mmoja akapewa dhamana ya kuzikusanya.

Nazo bloku za kujitungia zina mpaka wake, na mpaka huo ndio ninaoutumia kujua kwamba mwanafunzi amekua. Katika Scratch, bloku uliyoitunga hupokea vigezo lakini hairudishi thamani. Ukitaka bloku iitwayo «wastani wa vipimo» ikupe namba ya kutumia mahali pengine, unalazimika kuiweka namba hiyo katika kigeu kinachoonekana na programu nzima, na bloku nyingine yoyote inaweza kukivuruga. Mtoto anayeanza kuunda vigeu vya majina kama «jibu1» na «jibu2» ili tu kupitisha thamani kutoka bloku moja kwenda nyingine ameshaielewa funksheni, yaani kipande cha programu kinachopokea vigezo na kurudisha thamani, kwa akili yake. Kinachokosekana ni zana inayomruhusu kuiandika. Huyo mhamishe, hata kama ana miaka 12. Na yule wa miaka 15 ambaye bado anafikiri kuhusu kusubiri na kutosubiri abaki kwenye bloku bila kuonewa haya.

Kuhusu hofu ya mlezi mwenzako kwamba bloku zinaharibu fikra, ushahidi haumuungi mkono. Watafiti David Weintrop na Uri Wilensky walilinganisha madarasa ya sekondari, moja likianza kwa bloku na jingine kwa maandishi. Waliotumia bloku walipiga hatua kubwa zaidi katika wiki za mwanzo, na baada ya madarasa yote kuhamia Java, lugha ya maandishi, tofauti hiyo haikuonekana tena. Yaani mwanzo wa bloku haukuwapa faida ya kudumu, wala haukuwadhuru.

Zana za pande mbili nazitumia na nazipendekeza. Zana ya MakeCode humwezesha mwanafunzi wa micro:bit, ile kompyuta ndogo ya kufundishia, kuhama kati ya bloku, JavaScript na Python katika programu ileile, na zana ya bloku inayotumika katika mashindano ya FIRST Tech Challenge huonyesha Java inayotokana na bloku. Ila ni vizuri ujue zinakatikia wapi. Katika MakeCode, ukiandika kwa maandishi jambo lisilo na bloku yake kisha ukarudi upande wa bloku, unakuta kipande cha kijivu chenye maandishi ndani yake, ambacho huwezi kukihariri kwa kuburuta. Wanafunzi wangu hukiona kama hitilafu. Mimi hukitumia kama somo, kwa kuwa kinaonyesha kwa jicho pale ambapo lugha moja imeishiwa na nyingine inaendelea. Na ili mtu asikae darajani, huwa natoa zoezi la kusahihisha upande wa maandishi tu: nawapa programu yenye kosa moja la muda, bila kuruhusu kurudi kwenye bloku hadi walitaje kosa.

Kuna mambo mawili ambayo waliotangulia hawakuyagusa nami siwezi kuyaacha. La kwanza ni umri wa zana. Bloku huwa mali ya kampuni iliyoziunda, na kampuni ikibadilisha mwelekeo, kazi za wanafunzi hubaki bila mlango. LEGO ilipoiondoa programu ya zamani ya EV3, iliyojengwa juu ya LabVIEW (zana ya wahandisi ya programu za picha), na kuleta EV3 Classroom iliyojengwa kwa mtindo wa Scratch, mafaili ya zamani hayakuweza kufunguliwa katika programu mpya. Na mwisho wa mwaka 2022 jina lote la Mindstorms, familia ya roboti ambamo EV3 ilikuwamo, likasitishwa. Msimbo wa maandishi nao hutegemea maktaba zinazoweza kufa, lakini walau faili lake utalifungua kwa kihariri chochote, ukasoma mantiki na kuihamishia kwenye roboti nyingine.

La pili ni nani anayeachwa nje. Bloku zina fadhila ya kuweza kutafsiriwa, na Scratch yenyewe inapatikana kwa Kiswahili, ilhali maneno ya msingi ya Python hayabadiliki. Kwa mtoto ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga, hilo ni pazia zima limeondolewa. Lakini mwanafunzi asiyeona, au ambaye mkono wake hauwezi kuburuta kipande kidogo na kukiachia mahali sahihi, anapata shida kubwa kwenye bloku, wakati maandishi husomeka kwa programu ya kusoma skrini na huandikika kwa kibodi peke yake. Kabla ya kuamua kwamba wote watumie zana moja, mtazame mna wanafunzi gani.

Kwa klabu yako ningefanya hivi. Wadogo wabaki kwenye bloku, ila sheria ya kila mota kuamriwa na mahali pamoja ianze leo. Wakubwa wahamishe programu moja tu kwenda Python, nayo iwe ile ya kufuata mstari, kwa sababu wanaijua tabia yake na wataweza kulinganisha. Kabla ya kuandika mstari hata mmoja, wachore kwenye karatasi hali za roboti, yaani kufuata mstari, kuona kizuizi, kuzunguka na kutafuta mstari tena, kisha waandike kwenye kila mshale ni kihisi gani kinachosababisha kuhama. Mchoro huo wakupe wewe kwanza. Ukikuta mshale usio na kihisi, warudishe mezani kabla hawajagusa kompyuta.